Kunguru wa Malindi: tunawaua, mbona wanarudi? Ikwesheni inasema hivi

Swali limetoka kwa kijana wa Maweni hapa Malindi, yuko chuo mwaka wa pili. Kwa ufupi anasema: "Mwalimu shikamoo. Tumefundishwa dN/dt = rN(1 − N/K), ile ikwesheni ya viumbe kuongezeka, tukachora ile grafu ya kupanda halafu inatulia, mtihani nikapita. Lakini nyumbani mamangu ni mama karanga, yaani anauza samaki wa kukaanga, kunguru wanamsumbua kila siku ya Mungu, na wazee wanasema zamani waliwekewa sumu wakapungua karibu nusu, miaka michache tu wakawa wale wale. Nataka projekti yangu iwe hiyo. Ikwesheni yaweza kueleza kwa nini wanarudi? Na ni wangapi wauliwe ndio wasirudi tena?"

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha sana, manake mimi hii ikwesheni naifundisha mwaka hadi mwaka na watu wanaikariri kama kaswida, ni nadra mtu aitoe ubaoni aipeleke sokoni. Jibu la swali la kwanza ni ndio, inaeleza, na inaeleza vizuri kuliko unavyofikiria. Swali la pili ndilo lina shida, na nataka uone shida yake iko wapi kabla hujaanza kuandika chochote.

Kwanza tujue tunaongelea ndege gani. Kunguru mwenye kifua cheupe ni wa kwetu wa asili, huyo muache. Huyu mwenye shingo ya kijivu, mwembamba, kelele kutwa, ndio kunguru wa Bara Hindi, kurabu kama wanavyomwita wengine. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti awe msafisha taka za mji, Mombasa akaonekana 1947, na leo pwani yote ni yake. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anakula vifaranga. Kwetu Mambrui kuku wa mamangu alitotoa vifaranga 11, wiki ya pili tukawa tunahesabu 3, na mama alikuwa amekaa pale pale uani na fimbo mkononi. Kwa hivyo naongea kama mtu aliyeumwa na hili jambo.

Sasa tuingie. Watu wengi wanadhani hii ikwesheni inakupa idadi ya wanyama. Haikupi idadi, inakupa spidi. dN/dt ni ule mshale wa spidi kwenye bodaboda, haukuambii uko Gede au uko Watamu, unakuambia unakwenda vipi saa hii, na ukijua ulianzia wapi na spidi yako kila dakika basi mahali ulipofika unaweza kupajua mwenyewe. N ni kunguru waliopo. r ni kasi yao ya kuongezeka wakiwa wachache na chakula kimejaa, yaani ukitoa vifo kwenye vizazi kila kunguru mmoja anaongeza kiasi gani kwa mwaka. K ni idadi ambayo mji unaweza kuilisha na kuilaza bila kuongezeka wala kupungua. Na ile mabano (1 − N/K) ni nafasi iliyobaki, kama kwenye matatu, ikiwa tupu ni 1, ikijaa ni 0.

Malthus mwaka 1798 alikuwa ameshasema kwamba idadi ya watu ikiachwa bila kizuizi inazidishwa na kuzidishwa, lakini kizuizi hakukiweka kwenye fomula, ni Mbelgiji mmoja, Pierre-François Verhulst, mwaka 1838, ndiye aliyeongeza ile mabano. Kitu kidogo hivyo, lakini ndio siri ya kunguru wako yote imelala humo.

Angalia maji ya bahari. Mtu wa Malindi hahitaji grafu kuelewa hii. Maji yakianza kujaa mwanzo huyaoni, unasimama pwani unasema bado. Saa ya tatu na ya nne ndio yanakuja mbio, ukiacha viatu mchangani umevikosa. Alafu karibu na kujaa yanakuwa mazito tena, yanasimama. Taratibu, mbio, taratibu. Sababu ya maji ni mwezi na jua, ya kunguru ni nyingine kabisa, lakini umbo la grafu ni lile lile. Kunguru wakiwa wachache wanaongezeka polepole kwa sababu wazazi ni wachache. Wakiwa wengi sana wanaongezeka polepole kwa sababu nafasi imeisha, makinda yanakufa njaa, wanapigana kwenye miti. Mbio zao zote ziko katikati, pale N inapokuwa nusu ya K. Shika hapo. Nusu ya K.

Tuweke namba. Hizi ni za mfano tu za kufanyia hesabu, mtu asije akasema mwalimu amesema Malindi kuna kunguru kadhaa. K iwe 10,000 na r iwe 0.5 kwa mwaka. Wakiwa 9,000 spidi ni 0.5 × 9,000 × 0.1, yaani 450 kwa mwaka. Wakiwa 1,000 spidi ni 0.5 × 1,000 × 0.9, ni 450 tena. Wakiwa 5,000? 0.5 × 5,000 × 0.5, ni 1,250 kwa mwaka, karibu mara tatu.

Umeona kilichowapata wazee? Mji ulikuwa umejaa kunguru, hawaongezeki, wamesimama kama maji yaliyojaa. Sumu ikaja ikaua nusu, watu wakafurahi, na kweli kelele zikapungua. Lakini wale waliobaki wamefanyiwa nini? Wameachiwa chakula cha wenzao na viota vya wenzao, wamewekwa pale pale katikati ya grafu ambapo mbio zao ni kali kuliko mahali popote. Fomula ya kutoka kwenye hiyo ikwesheni, N(t) = K/(1 + ((K − N₀)/N₀)e^(−rt)), N₀ ikiwa ni idadi ya kuanzia, t ni miaka iliyopita na e ni ile namba ya 2.718, ukiitia kwenye kalkuleta kuanzia 5,000 inakupa 6,225 mwaka wa kwanza, 7,311 wa pili, 8,176 wa tatu, 8,808 wa nne. Mwaka wa tano mtu anauliza hivi ile sumu kweli iliwekwa au ilikuwa maneno.

Na hata wakiuliwa tisa kwa kila kumi, wabaki 1,000 peke yake, kufika tena 9,000 inachukua miaka 8 na miezi kama tisa hivi. Ni kazi kubwa mno kwa miaka minane. Miaka ya mwanzo ya 2000 pwani yetu sumu ilitumika, kunguru wakapungua wazi wazi, kisha sumu ikakosekana na wakajazana tena. Wazee wako hawakusema uongo, hata chembe.

Kwa hivyo kuua mara moja tu ni kuirudisha saa nyuma. Tuseme sasa mji umeamua kuua kila mwaka bila kuchoka, tunaongeza kipande: dN/dt = rN(1 − N/K) − hN, h ikiwa ni sehemu ya kunguru wanaoondolewa kwa mwaka. Ifanye dN/dt iwe 0, utapata wanatulia kwenye N = K(1 − h/r). Hapa kuna kitu nilikaa nacho usiku mzima nilipokiona mara ya kwanza, na nakuomba ukifanye wewe mwenyewe kwa kalamu. Weka h = 0.1, kunguru wanatulia 8,000 na kila mwaka unaua 800. Weka h = 0.4, wanatulia 2,000, na kila mwaka unaua 0.4 × 2,000, ambayo ni 800. Maiti ni zile zile! Ofisi moja ikileta ripoti kwamba mwaka huu tumeua kunguru 800, hiyo ripoti haijakuambia chochote, yaweza kuwa mji umejaa kunguru 8,000 na yaweza kuwa wamebaki 2,000. Ndio maana nimesema swali lako la "wangapi wauliwe" lina shida. Mwaka 2024 serikali kupitia shirika la wanyamapori ilitangaza lengo la kuondoa kunguru milioni 1 kabla mwaka haujaisha, na mimi nilifurahi kwamba jambo limechukuliwa kwa uzito, lakini mtu wa hesabu akisikia namba kama hiyo kitu cha kwanza anauliza ni milioni 1 kati ya wangapi, na mwaka unaofuata je. Hesabu walio hai. Maiti ziandike pembeni.

Kwa mfano wetu h ikifika 0.5, yaani sawa na r, kwenye karatasi wanaisha. Kwenye karatasi. Kunguru ni ndege mwenye akili sana, anajua sura ya mtu aliyempiga jiwe, mtego aliomuona mwenzake ameingia haingii, kwa hivyo ile h ya mwezi wa kwanza hutaipata mwezi wa sita kwa kazi ile ile. Alafu Malindi si kisiwa. Ukisafisha hapa wanakuja wa Watamu, wa Gede, wa Mambrui, kwa hivyo ongeza kipande kingine, +I, wahamiaji. Nimeifanya kwa I = 100 kwa mwaka na h = 0.6, kali kuliko r yenyewe, na bado hawaishi, wanatulia kwenye 732 hivi, na lazima uendelee kuua 439 kila mwaka milele ili wabaki hao 732. Ukiacha, unajua kinachofuata.

Sasa njoo kwa K, ndio nilikuwa nakupeleka huko toka mwanzo. Hiyo K imewekwa na nani? Kwa swala wa porini K inawekwa na mvua na majani. Kwa kunguru wa Malindi K tunaiweka sisi. Ni matumbo ya samaki yanayotupwa asubuhi pale diko, mashua zinaposhusha samaki, ni machinjioni, ni jaa lisilofunikwa, ni mabaki ya mahoteli, ni ugali uliomwagwa nyuma ya kibanda. Kila kilo ya taka iliyo wazi ni kunguru kadhaa tumewaandikia ruhusa ya kuishi. Tuseme tumefunika taka mpaka K ikashuka kutoka 10,000 hadi 4,000, hatujaua hata mmoja. Mabano inakuwa (1 − 2.5), hasi, kwa hivyo spidi inakuwa hasi 7,500 kwa mwaka pale mwanzo. Mwaka wa kwanza ukiisha wamebaki 6,288, wa pili 5,133, wa nne 4,353, na wanakaa hapo hapo kwenye elfu nne, hawarudi, kwa sababu hakuna nafasi ya kurudia. Linganisha na ile safu ya sumu, 6,225, 7,311, 8,176. Moja inashuka na kukaa, nyingine inapanda kila mwaka.

Simaanishi sumu na mitego visitumike. Mimi naona vitumike, lakini baada ya ndoo kufunikwa. K ikiwa 4,000 na h ikiwa 0.25 kunguru wanatulia 2,000 na unaondoa 500 kwa mwaka. Kufika hiyo hiyo 2,000 bila kugusa taka ulihitaji h ya 0.4 na kuondoa 800 kwa mwaka. Taka ikifunikwa kila mtego unafanya kazi zaidi, na kunguru mwenye njaa anaingia mtegoni kwa urahisi kuliko aliyeshiba.

Nikatishe kidogo hapa kwa ajili ya watoto wa wavuvi wanaosoma, manake hesabu hii hii ukiigeuza ndio ya samaki. Lile la K/2 ambalo kwa kunguru ni balaa, kwa tafi na changu ni riziki, ukiwaacha samaki karibu na nusu ya K wanakuzalia kwa mbio zao zote, na kiwango cha juu unachoweza kuvua kila mwaka bila kuwamaliza ni rK/4. Ukipitisha hapo hata kidogo na ukang'ang'ania namba ile ile kila mwaka, wanaporomoka hadi 0. Hifadhi yetu ya bahari iko tangu 1968 na kuna watu bado wanaiona kama adui wa mvuvi, wakati samaki wanaozaliana ndani hawana habari na boya la mpaka, wanatoka.

Turudi. Mwalimu wako atakuuliza kama kweli hii ikwesheni inafaa kwa kunguru, na usiogope, lakini ujue wapi inafaa na wapi haifai. Kuna kisa mashuhuri cha kisiwa cha St. Matthew, Alaska, Marekani. Mwaka 1944 walipelekwa huko reindeer 29, wale wanyama kama kulungu wa nchi za baridi. Mwaka 1963 walikuwa 6,000. Chukua ln(6000/29), yaani logi asilia, kitufe kiko kwenye kalkuleta, ugawe kwa miaka 19, unapata r kama 0.28, yaani kila miaka miwili na nusu wanakuwa maradufu. Kwa grafu yetu walitakiwa wapande watulie. Hawakutulia. Mwaka 1966 walihesabiwa wakawa 42. Walikuwa wamekula mpaka ule uoto wa chini unaochukua miaka mingi kuota tena, kisha ukaja msimu wa baridi mkali, wakafa kwa maelfu. Walikula K yenyewe. Verhulst hakuweka hiyo, kwake K imesimama tu kama ukuta.

Kunguru wa Malindi hali K. Akimaliza matumbo ya leo, kesho alfajiri mashua zinakuja na mengine. Sisi tunamjazia sahani kila siku bila kukosa, na kwa sababu hiyo ile ikwesheni rahisi ya 1838 inamfaa yeye kuliko hata inavyowafaa wanyama wengi wa porini. Mimi jambo hili linaniumiza, lakini ndilo linalonipa matumaini pia, manake mvua hatuiwezi, ndoo yenye mfuniko tunaiweza.

Kuhusu projekti. Usihesabu mchana sokoni, mchana wanazunguka utawahesabu mara tatu. Hesabu malaloni, ile miti wanayorudi kulala kwa makundi, kaa kuanzia kama saa kumi na moja na nusu jioni mpaka baada ya magharibi, hesabu wanaoingia kwa makumi makumi, rudia jioni tatu mfululizo na uchukue wastani. K ya mwanzo chukua ile idadi ya mahali ambapo hakujauliwa kunguru kwa miaka na wakazi wanasema wako vile vile. r ni ngumu zaidi, unaipata vizuri mahali walipopunguzwa na wanapanda, ukiwa na hesabu mbili za wakati tofauti wakiwa bado wachache unafanya ln(N₂/N₁) gawanya kwa muda, kama nilivyofanya ya reindeer. Ukipata hizo mbili usihangaike na kalikulasi ndefu, fungua Excel, N mpya = N ya zamani + spidi × 1/12, mwezi baada ya mwezi, vuta chini mistari 120 umepata miaka kumi. Badilisha h uone, badilisha K uone.

Kitu ambacho sijaona mtu amekifanya hapa na ningependa ukifanye wewe ni misimu. Wakati wa kusi bahari imechafuka mashua nyingi hazitoki, matumbo diko hakuna, kaskazi ikianza samaki wanarudi. Hapo K yenyewe inapanda na kushuka, K(t), bila wewe kutumia hata shilingi. Hesabu malalo yale yale kusi katikati na kaskazi katikati. Kama idadi inafuata samaki basi una ushahidi mkononi kwamba ni chakula kinachoongoza, na ukienda mbele ya watu wa kaunti hawatakuambia ni mambo ya ubaoni.

Na anza na mamako. Mwombe yeye na wenzake waweke matumbo kwenye ndoo zenye mifuniko kwa wiki mbili, uhesabu kunguru pale diko kabla na baada. Ila jihadhari na kosa moja, wakipungua hapo usikimbilie kuandika kwamba K imeshuka, wiki mbili hazitoshi kunguru kufa wala makinda kukosekana, inawezekana wamehamia tu diko la jirani, na hapo utakuwa umepima I ukadhani ni K. Kwa hivyo mtume mdogo wako na kule, ahesabu siku ile ile, saa ile ile.